Tusiuze Sauti za Wazee kwa Butura

Juma hili tukae barazani tuzungumze juu ya mgeni aliyeingia katika nyumba zetu bila kupiga hodi. Mgeni huyu ni picha za video zinazotazamwa ndani ya simu. Baba anazo, mama anazo, na mtoto akipewa simu ashike kidogo tu, tayari ameshazipata.

Wengi wenu mnanijua kuwa ni mwalimu. Walakini, jioni na siku za Jumamosi nina mchezo wangu mwingine. Nachukua simu na kupiga video. Hakuna aliyenifundisha, wala sitafuti mali. Nimepiga akina mama wakisuka mikeka, wazee wakikamua ndizi za rubisi, vijana wakianika kahawa. Basi, haya nitakayosema leo si maneno ya mtu achukiaye mambo mapya. Ni maneno ya mtu ayapendaye, naye ameungua kidole.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kijiji kimoja upande wa Nyaishozi kumtembelea mzee mpiga enanga. Alikuwa amepita miaka 80. Alikaa mlangoni pake, karibu na migomba, akaimba habari za Rumanyika, mfalme aliyewapokea Wazungu Speke na Grant mwaka 1861 katika nchi hii yetu. Akaimba ng'ombe, akaimba mashujaa, dakika 14 bila kupumzika. Alipomaliza aliniuliza, "Mwalimu, sasa sauti yangu umeiweka wapi?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, imo humu ndani ya simu. Kesho nitaiweka mtandaoni, na dunia nzima itakusikia."

Akacheka. "Dunia nzima, vema. Na wajukuu zangu je?"

Nikamwambia kwamba wajukuu nao wamo katika dunia. Nilijibu haraka, kama mtu mwenye akili. Kumbe swali lake sikulielewa.

Nikaiweka video ile katika mtandao wa kampuni moja kubwa ya ng'ambo, jina lake nitaliacha. Watu wa Karagwe na Kyerwa walioko Mwanza, Dar es Salaam na Uganda wakaitazama, wakaniandikia maneno mazuri. Baada ya miezi michache nikapata barua ya mashine, ikisema kwamba muziki ule ni mali ya mtu mwingine. Muziki gani? Enanga ya mzee aliyeitengeneza kwa mikono yake! Nikaandika kujitetea, nikajibiwa na mashine. Nikaandika tena, mashine ikajibu yale yale. Mtu wa kuongea naye sikumpata.

Halafu, mwaka uliofuata, simu yangu ikaibiwa siku ya gulio. Nambari ya zamani sikuirudisha, na neno la siri nilikuwa nimelisahau. Mlango ukafungwa, nami niko nje. Haikupita muda video yenyewe ikatoweka. Kosa hilo ni langu pia, na naliungama mbele yenu. Sikuwa na nakala nyingine.

Mzee akafariki. Siku ya matanga binti yake akaniita kando, akasema kwa upole, "Mwalimu, tunaomba utuwekee ile sauti ya baba, watoto waisikie." Ndugu zangu, nilitazama chini. Ndipo nilipolielewa swali la mzee.

Kabla sijaendelea na habari hiyo, nataka tufikiri pamoja kwa nini mambo huenda hivi.

Sisi si watu wa kwanza kuletewa picha vijijini. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kazi ya sinema iliyoanzishwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Wazungu wawili, Notcutt na Latham, waliiongoza, na wachezaji wa picha hizo walikuwa Waafrika. Gari lilizunguka vijijini Tanganyika, Kenya na Uganda likionyesha picha kwenye kitambaa usiku. Walionyesha habari za ugonjwa wa safura, za kuweka akiba Posta, za kahawa iliyopandwa chini ya migomba. Baadaye sana yalikuja mabanda ya video, na wale watafsiri hodari kama marehemu Lufufu, Derek Gasper Mukandala, aliyezigeuza sinema za ng'ambo kuwa hadithi za Kiswahili hata bibi asiyejua Kiingereza akacheka.

Katika kila sinema mtu mwenye busara huuliza swali moja: ni nani anayelipa mafuta ya gari? Mwaka 1935 waliolipa walitaka kutufundisha mambo waliyoyaona wao kuwa mema. Katika banda la video tulilipa wenyewe mlangoni, basi mwenye banda alijitahidi kutupendeza. Na leo, katika simu, analipa nani? Utasema, "Mimi, kwa bando langu." La, bando ni nauli tu ya kufikia pale. Mlipaji mkubwa ni mwenye matangazo. Yeye hununua macho yako, na kampuni ndiyo inayoyauza.

Tazama hesabu. Kampuni ya Google iliinunua YouTube mwaka 2006 kwa dola bilioni 1.65. Katika mwaka mmoja tu wa 2024, matangazo yaliyoonyeshwa YouTube yaliingiza dola bilioni 36 hivi. Fedha hizo zimetoka wapi? Zimetoka katika saa za watu waliokaa wakitazama. Kwa hiyo mashine ya kampuni hizi ina kazi kubwa moja, kukufanya usiondoke. Ukitazama ugomvi, inakuletea ugomvi mwingine. Ukitazama mtu anayeahidi utajiri wa siku moja, inakuletea kumi kama yeye. Haikuchukii wala haikupendi. Haijui kwamba kesho una palizi.

Vijana wananiuliza, "Mwalimu, mbona hutafuti fedha huko?" Nawajibu kwa hesabu. YouTube humpa mwenye video ndefu asilimia 55 ya fedha za matangazo, na hiyo si haba. Lakini ili uingie katika mgawo huo, sharti uwe na wafuasi 1,000, na video zako ziwe zimetazamwa kwa saa 4,000 ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Ukiwa na video ya dakika 10, lazima itazamwe mpaka mwisho mara 24,000. Kwa mtu wa mjini mwenye vichekesho, yawezekana. Kwa mwenye video ya kusuka mikeka, ni safari ndefu. Ndipo kijana anapoanza kutafuta njia ya mkato. Anapiga picha majeruhi wa ajali, anamcheka mlevi, anamwonyesha mtoto akilia. Wafuasi wanaongezeka, lakini heshima ya nyumba inapungua.

Wala sisemi kwamba hakuna jema. Mnamkumbuka Kili Paul, kijana wa Kimaasai wa upande wa Lugoba, mkoa wa Pwani. Mwaka 2021 alianza kuonekana pamoja na dada yake Neema wakifuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo, wamevaa shuka zao, nyuma yao ng'ombe na vichaka. Kijijini kwake hakukuwa na umeme, na ilimlazimu kwenda mbali kuchaji simu. Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja wote wawili kwa sifa katika hotuba yake ya redio. Mnaona? Kijana hakumtukana mtu wala hakumvua mtu nguo. Alifurahi tu, na furaha yake ikavuka bahari. Walakini, kwa Kili Paul mmoja kuna maelfu waliojaribu wasionekane. Mtu asiache shamba kwa kutegemea bahati ya mwenzake.

Na wale wanaosafisha mitandao hiyo, mmepata kusikia habari zao? Si mashine peke yake. Mjini Nairobi vijana wa Kiafrika walikaa ofisini siku nzima wakitazama video za mauaji na ukatili, ili waziondoe katika Facebook tusizione sisi. Waliajiriwa na kampuni iliyoitwa Sama, iliyofanya kazi hiyo kwa niaba ya Meta, mwenye Facebook. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alifungua kesi, akisema kazi ile ilimvunja moyo na akili, na mshahara wake ulikuwa mdogo. Wenzake wengi wakafuata. Meta walisema mahakama za Kenya haziwezi kuwahukumu, lakini Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba wanaweza kushtakiwa pale. Tukumbuke basi, utamu tunaoupata bure mara nyingine kuna mtu aliyeulipia kwa usingizi wake.

Tena serikali nayo ina neno lake. Mwaka 2018 zilitolewa kanuni za maudhui ya mtandaoni, na ada zake zilipita shilingi milioni mbili. Watu wadogo wengi waliacha. Kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, kwa hiyo kijana anayetaka kuanzisha chaneli ya habari aende kwanza awaulize TCRA, asije akajiingiza mashakani bila kujua. Na Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, mtandao ulizimwa nchini kwa siku kadhaa. Aliyekuwa ameweka kila kitu huko alikaa mikono mitupu.

Sasa nirudi matangani. Nilipokuwa nimesimama nimeinamisha kichwa, kijana mmoja akanigusa bega. Ni yule mwenye kibanda cha kuchaji simu na kujaza nyimbo katika memori kadi. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Ile enanga ya mzee ninayo. Niliishusha zamani, wateja wanaipenda." Akaleta kadi ndogo kama ukucha. Tukaichomeka katika spika ya wanakwaya. Sauti ilikuwa imechakaa kidogo, na dakika mbili za mwanzo hazikuwapo. Lakini mzee aliimba. Wajukuu walikaa chini, mdogo wao akaenda kuigusa ile spika kwa mkono. Binti yake alilia, kisha akacheka pale baba yake alipokohoa katikati ya wimbo.

Ajabu hii! Kampuni yenye mabilioni ilipoteza sauti ya mzee, na kijana wa kibanda akaitunza. Si kwamba yeye ni mtakatifu kuliko wao. Ni kwamba yeye anaijua sauti ile ni ya nani.

Sisi watu wa Karagwe na Kyerwa tunaijua butura. Mtu akibanwa na shida, anauza kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika anasimama kando, mwingine anavuna. Nami naona ndivyo tulivyofanya na nyimbo zetu, picha za watoto wetu, na kumbukumbu za wazee wetu. Tumeziuza zikiwa maua, tukaridhika na vidole gumba vya kusifia.

Basi tufanyeje? Sisemi mvunje simu. Nasema mambo manne tu, nayo hayana gharama kubwa.

Kwanza, kila video ya maana iwe na nakala mbili nje ya mtandao. Moja ikae nyumbani katika kadi, nyingine kwa ndugu au jirani mwaminifu. Mtandao uwe soko la kuonyeshea, ghala iwe nyumbani. Na neno la siri liandikwe katika daftari lihifadhiwe pamoja na hati za shamba.

Pili, kabla ya kumpiga mtu picha, mwombe ruhusa, umweleze itakwenda wapi. Na yeye wa kwanza kupewa nakala awe ni yeye mwenyewe.

Tatu, wazazi, msimpe mtoto simu kama mnavyompa kipande cha muwa ili anyamaze. Tazameni pamoja naye. Mwulizeni, "Huyu anataka nini kwetu? Nani anamlipa?" Mtoto aliyezoea swali hilo hadanganyiki upesi.

Nne, vijana mnaopenda kazi hii, pigeni yaliyo yenu. Nyimbo za Kimarekani zina waimbaji wake. Lakini nani atapiga picha bibi yako akisimulia hadithi kwa Kinyambo, kama si wewe?

Mimi nimeanza upya. Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa mzee mwingine, upande wa Nkwenda. Alipomaliza kuimba, kabla hajauliza neno, nikampa mjukuu wake kadi mkononi.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.