Maji Usiyoyafika Hujui Wingi Wake



Likizo za Aprili na za mwisho wa mwaka huwapeleka watoto wetu wengi bara kuwazuru jamaa, na wengine hufika hata Mwala, katika Kaunti ya Machakos. Aghalabu tunadhani kwamba hatari ya maji tumeiacha Pwani pamoja na bahari. Sivyo. Likizo hizo huangukia misimu ya mvua za Ukambani, wakati mito ya mchanga inapojaa ghafla na mabwawa ya udongo yanapofurika.

Mtoto wa Pwani anayejua kuogelea ndiye wa kuchungwa zaidi huko. Maji ya chumvi huubeba mwili kuliko maji ya bwawa, kwa hiyo aliyezoea kuelea baharini atajiona mzito. Chini kuna matope yanayonasa miguu, na wekundu wa maji huficha kina. Mtoni nako, mashimo yaliyoachwa na wachimbaji mchanga hujaa maji yasionekane. Mto Athi, ambao hatimaye huingia baharini kaskazini ya Malindi kwa jina la Sabaki, haukosi mamba.

Wala tusiusahau Mto Enziu huko Mwingi, kaunti jirani ya Kitui. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba watu waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mafuriko, na zaidi ya watu 30 wakafa maji. Mto ukifurika, tungoje upungue, hata kama wenyeji wanavuka. Arusi yaweza kungoja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na robo yao ni watoto wasiotimiza miaka 5. Hao wadogo hawahitaji mto; ndoo au karai la kufulia latosha. Tufunike mapipa na visima, tumwage maji ya karai tumalizapo kazi, na mtu mzima mmoja apewe kwa jina amana ya kuwatazama. Anayezama mara nyingi hapigi kelele.

Wakubwa wafunzwe kuogelea, wavulana kwa wasichana. Wako wanaowazuia mabinti kwa ajili ya stara, lakini huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafunza wasichana wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayositiri mwili wote. Stara na usalama havigombani, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia yetu.

Zaidi ya hayo, tuwafunze watoto wasimrukie mwenzao anayezama, kwani mwenye hofu humshika mwokozi wakazama wote. Wapige ukelele wa kuita watu wazima, wamnyoshee fimbo ndefu au wamrushie kamba, au dumu tupu lililofungwa kifuniko apate kuelea nalo. Akitolewa naye hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala kukamuliwa tumbo. Apuliziwe pumzi kinywani na kubonyezwa kifua huku akitafutiwa hospitali.

Kabla ya safari, basi, tuwapigie simu wenyeji wetu wa Mwala tuwaulize: bwawa liko wapi, mto uko umbali gani, na nani atakuwa na watoto mchana? Maswali hayo si kumdharau mwenyeji. Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu, barani na baharini. Amin.