Nasaha za Nyumbani: Mchezo wa Kutisha na Vilindi vya Intaneti

Mwezi huu tutasema juu ya mchezo wa kompyuta uwakoseshao vijana usingizi. Jina lake ni Welcome to the Game. Ulitolewa mwaka 2016 na Reflect Studios, na sehemu ya pili ikafuata mwaka 2018.

Khabari ya ule wa kwanza ni hii. Mchezaji huwa mfano wa mtu aliyekaa peke yake mbele ya kompyuta, akipekua kurasa zilizofichwa. Hutafuta vipande 8 vya ufunguo, ili apate kuingia katika kile kiitwacho Chumba Chekundu, ambamo yasemwa kwamba watu huteswa na wengine hulipa ili watazame. Huku akipekua, wadukuzi huishambulia kompyuta yake, na mteka nyara huinyemelea nyumba yake. Aliyezama katika kurasa hata akasahau kutega sikio, hukamatwa. Husalimika yule ambaye akisikia mlio mdogo tu huacha kila kitu, akazima taa, akatulia.

Mzazi aonapo hayo hudhani mwanawe ameingia katika soko la waovu. Sivyo, kurasa zile zimetungwa, zimo ndani ya mchezo wenyewe. Na vilindi vya intaneti hasa ni kila kisichoonyeshwa na mitambo ya kutafutia: barua zetu, hesabu zetu za benki, majalada ya hospitali. Sehemu ya gizani ni ndogo, na huingiwa kwa programu kama Tor, ambayo asili yake ni utafiti wa maabara ya jeshi la majini la Marekani katika miaka ya 1990. Waandishi wa khabari huitumia kujihifadhi, na wauza madawa ya kulevya huitumia kujificha. Ama Chumba Chekundu, hakijathibitishwa hata kimoja.

Khatari basi iko wapi? Iko kwa kijana aliyemaliza mchezo akataka kuyaona ya kweli. Huko atakutana na walaghai wauzao tiketi za vyumba visivyokuwapo, na programu za kuiba siri za watu. Pengine ataangukia picha za watoto waliodhulumiwa kweli, ambazo katika nchi nyingi kuwa nazo tu ni jinai. Mchezo huzimwa ukaisha, lakini jicho likishaona jambo kama hilo, moyo hausahau upesi.

Wahenga walisema: Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Mtoto mdogo akatazwe mchezo huu bila ya kusitasita. Kijana mkubwa, fimbo humfunza kujificha tu. Kaa naye, mwambie akuonyeshe, umweleze lipi la kutungwa na lipi la kweli. Kompyuta iwekwe sebuleni, na usiku ifungwe. Kisha umpe ahadi kwamba siku atakapoona jambo la kumtisha, akikuita hutamgombeza kwanza. Ahadi hiyo uitimize, kwani ukiivunja mara moja hatakuita tena, naye atabaki peke yake gizani, kama yule wa mchezoni.