Wakili wa Ndhiwa Anaandaliwa Karen

Mjane wa Kanyamwa au Kabuoch, huko Ndhiwa katika Kaunti ya Homa Bay, anayetaka shamba la marehemu mumewe liandikwe kwa jina lake huanza kwa chifu. Anahitaji barua inayowataja warithi wote, cheti cha kifo, fomu za mirathi, kisha tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za kungoja mwenye pingamizi. Akishapewa hati ya usimamizi, kwa kawaida hungoja miezi 6 mingine kabla ya mahakama kuithibitisha. Na si ajabu kukuta shamba lenyewe bado liko kwa jina la baba mkwe, naye pia alishafariki, kwa hivyo inabidi mirathi ya mzee ishughulikiwe kabla ya ile ya mwanawe.

Kazi ya namna hii haiishi Ndhiwa. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) wa mwaka 2012 ulikuta kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 15 hadi 59 alikuwa akiishi na virusi vya Ukimwi. Dawa zimebadilisha mengi tangu hapo, lakini vifo vya miaka iliyotangulia viliacha wajane, mayatima na mashamba ya marehemu. Juu ya hayo kuna miwa. Mkulima wa hapa huuza zao lake kwa kiwanda cha Sukari Industries papo hapo Ndhiwa au kwa kile cha Sony kule Awendo, upande wa Migori, na asiye na karatasi za shamba huwa mnyonge kila mkataba unapotiwa sahihi.

Mahakama ya hakimu ipo Ndhiwa. Mahakama Kuu ziko Homa Bay na Migori. Kinachokosekana ni wakili ambaye mjane huyu anaweza kumfikia na kumlipa, na hapo ndipo mjadala wa elimu ya sheria nchini Kenya unapopaswa kuanzia. Kwa bahati mbaya huanzia mahali pengine kabisa: nani afungiwe mlango.

Kila anayetaka kuwa wakili nchini, akishamaliza shahada, lazima apitie Chuo cha Mafunzo ya Uanasheria (KSL) kilichoko Karen, Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Ndhiwa. Karo yenyewe imekuwa karibu shilingi 190,000, kabla ya kodi ya nyumba, chakula na nauli za jiji. Masomo ni tisa. Baada ya hapo kuna miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu, ambayo wengi huifanya bila malipo au kwa posho ya nauli tu. Kijana ambaye karo yake ya chuo kikuu ilitoka kwenye miwa ya babake hufika hapa familia ikiwa imekwisha kukamuliwa. Akifuzu, ana kila sababu ya kubaki Nairobi, kwenye ofisi zinazoweza kumrudishia gharama hizo.

Ajabu ni kwamba silabasi yenyewe haina ubaya. Kati ya masomo hayo tisa, mirathi ni somo kamili. Uhamishaji wa umiliki wa ardhi ni somo jingine. Mwanafunzi hufundishwa yale yale ambayo mjane wa Kanyamwa anayahitaji, kisha mfumo mzima unamsukuma akafanye kazi asikoweza kukutana naye.

Matokeo ya mtihani ndiyo yanayoleta kelele. Kwa miaka mingi idadi ya wanaoanguka imekuwa kubwa kiasi cha kulifikisha suala hili bungeni na mahakamani, na kila upande una jibu lake. KSL hufundisha, lakini tangu sheria za mwaka 2012 mtihani hutungwa na kusimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria (CLE). Chuo kinasema vyuo vikuu vinakiletea wanafunzi dhaifu. Vyuo vikuu vinalaumu mtihani. Baraza linasema linalinda viwango. Katika mpangilio huu hakuna kiongozi hata mmoja ambaye kuanguka kwa mwanafunzi ni jukumu lake, na huo ni udhaifu wa uongozi kabla ya kuwa udhaifu wa wanafunzi.

Wapo wanaodhani dawa ni kumrudishia anayefundisha kazi ya kutahini. Wakumbuke Tanzania. Huko Shule ya Sheria kwa Vitendo hufundisha na kutahini wanafunzi wake yenyewe, lakini mwaka 2022 matokeo ya watahiniwa 633 yalionyesha waliofaulu moja kwa moja ni 26 tu. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Kubadilisha mwenye kalamu nyekundu peke yake hakutoshi.

Mzozo mwingine ni wa alama za kidato cha nne. Sheria ya KSL inataja wastani wa C+ pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili, na kesi kuhusu waliopitia diploma kwanza zimefika hadi Mahakama ya Rufaa, huku majaji wa ngazi mbalimbali wakitofautiana. Mtu aliyepata C ya Kiingereza akiwa na miaka 18 katika shule ya kutwa isiyo na maktaba, kisha akasoma diploma na shahada na kufaulu zote mbili, ameshajieleza vya kutosha. Kumrudisha kwenye karatasi ya kidato cha nne ni kumwadhibu kwa sababu ya shule aliyotoka. Tena B hiyo ya Kiswahili inayokubaliwa mlangoni haitumiki sana ndani, kwa kuwa mafunzo yenyewe ni ya Kiingereza, ilhali katika mahakama za chini Kiswahili ni lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na mteja wa Ndhiwa huwasili na Dholuo kwanza.

Hofu ya wanaotetea ugumu wa masharti haya si ya kupuuzwa. Wakili mbovu anaweza kumpotezea mtu shamba kwa kukosa tarehe moja. Mwaka 2015 Baraza lilipoamuru kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Moi kifungwe, lilikuwa likitimiza wajibu wake wa kukagua. Vyuo vikuu vilifungua vitivo vya sheria kwa kasi, kwa sababu kozi hiyo huleta karo na haihitaji maabara, na wakuu wa vitivo wakajikuta na kumbi zilizojaa na wahadhiri wa kuhesabika. Ukaguzi wa aina hiyo uongezwe, maana unagusa chanzo. Lakini umbali na karo havipimi ubora wa mtu. Vinapima mfuko wa mzazi.

Uganda imeonyesha njia. Kituo chake cha mafunzo ya mawakili, LDC, kilichoanza Kampala mwaka 1970, sasa kina kampasi Mbarara magharibi na Lira kaskazini. Kenya haina kisingizio. Kisumu ina Mahakama ya Rufaa, ina mawakili wakongwe, na Chuo Kikuu cha Nairobi kimewahi kufundisha sheria katika kampasi yake ya huko. Wakati wa korona mwaka 2020 masomo na kesi vilihamia mitandaoni, na tangu Machi 2024 Idara ya Mahakama imepeleka uwasilishaji wa kesi kielektroniki nchi nzima. Kama hati ya Ndhiwa inaweza kufika kwa hakimu bila bahasha, somo la mirathi nalo linaweza kufundishwa nje ya Karen.

Kwa hiyo KSL ifungue kampasi Kisumu, Baraza liruhusu miezi 6 ya uanagenzi ifanyike pia katika mashirika ya msaada wa kisheria yanayotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, na Hazina itenge posho kwa mwanagenzi anayekubali kituo cha mashambani kama Ndhiwa. Wabunge wa Homa Bay na Migori wana nafasi ya kulidai hili katika bajeti ijayo, na wapiga kura wao wana haki ya kuwauliza wamefikia wapi.