Je, Simu Itamwondoa Dalali wa Nyumba?



Katika mkutano wa tawi letu uliofanyika baada ya mishahara ya mwezi uliopita, dada mmoja anayechuma chai aliinuka akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alisema: "Ndugu katibu, mashine ya kuchuma chai imekuja, nayo inafanya kazi ya watu wengi. Mashine ya kukata miwa imekuja. Kila mara tunaambiwa kwamba teknolojia haizuiliki. Basi mbona haijamwondoa dalali wa nyumba? Mbona inatuondoa sisi tu?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akakaa chini akingoja jibu.

Tuliahidi kumjibu katika jarida hili. Tumeulizana, tumesoma yaliyotokea katika nchi nyingine, na tumekumbushana yaliyotupata wenyewe. Haya ndiyo maoni yetu.

Wako watakaosema kwamba chama cha wafanyakazi hakina shughuli na madalali. Wenye kusema hivyo hawajatolewa katika nyumba za kampuni. Wengi wetu tulianza maisha katika laini za shambani, chumba kimoja, mke na watoto, bomba moja kwa watu wote. Ubaya wa laini tunaujua na tumeupigia kelele miaka mingi. Lakini laini haina dalali. Siku unapopunguzwa kazi au unapostaafu, unapewa siku chache utoke. Na siku hizi vibarua wa mkataba wengi hawapewi chumba tangu mwanzo. Basi mtu hubeba godoro lake na sufuria zake, akaenda Bugembe, au Walukuba, au akavuka Nile mpaka Njeru, kutafuta muzigo. Vyumba vile vya mstari mmoja hapa Uganda huitwa mizigo, na kwa masikio ya Mswahili aliyevipa jina hilo hakukosea.

Tazameni hesabu ya mwenzetu mmoja wa kiwandani aliyepanga Bugembe mwaka jana. Chumba ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi mitatu mbele, yaani shilingi 360,000. Dalali alitaka kodi ya mwezi mmoja kwa kazi yake, shilingi 120,000. Kabla ya hapo alikwisha kumtoza shilingi 20,000 za kumtembeza. Jumla ni shilingi 500,000 kabla hajatundika chandarua. Mshahara wake wa mwezi haukufika nusu ya fedha hizo, ikambidi akope. Tukumbuke kwamba mshahara wa chini uliowekwa na serikali mwaka 1984 ulikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na mpaka leo haujabadilishwa. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada mpya, Rais hakuutia sahihi. Kwa kima hicho cha kisheria, dalali peke yake amekula mishahara ya zaidi ya miezi 23.

Sasa, dalali anauza nini? Anauza habari. Anajua chumba gani ni kitupu na wewe hujui, basi. Ndiyo maana hakutajii mtaa kabla hujalipa, na akikupeleka hukupitisha vichochoro vitatu usiijue njia ya kurudi peke yako. Kwa hiyo wanaosifu teknolojia wana hoja. Wanasema: ikiwa picha ya chumba, bei yake na namba ya mwenyewe vyote vimo katika simu, habari imekuwa bure, na anayeuza habari hana tena cha kuuza. Vijana wetu wa kiwandani wanaipenda sana hoja hii. Nasi tuliipenda, mpaka tulipotazama nchi zilizoijaribu kabla yetu.

Huko Marekani watu wengi hununua nyumba kwa mkopo, na kwa miaka mingi mawakala wawili, wa muuzaji na wa mnunuzi, waligawana kama asilimia 5 au 6 ya bei ya nyumba. Mwaka 2006 ilifunguliwa tovuti iitwayo Zillow. Mtu akikaa kwake akaona nyumba zinazouzwa, bei zake, vyumba vyake, hata makadirio ya thamani ya nyumba ya jirani. Wengi walitabiri kwamba wakala amekwisha. Miaka ikapita, wakala yupo, na malipo yake yakabaki karibu pale pale. Kwa nini? Ukitazama tovuti yenyewe inapata wapi fedha, utaona kwamba sehemu kubwa hutoka kwa mawakala, wanaolipa ili majina yao yapelekewe wanunuzi. Uingereza ni vivyo hivyo: tovuti ya Rightmove, iliyoanza mwaka 2000, huishi kwa ada ambazo mawakala huilipa kila mwezi. Mashine iliyosemekana itamfukuza dalali ndiyo inayolishwa na dalali!

Zillow hao walijaribu jambo kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2018 walinunua nyumba wenyewe, kompyuta ikipiga hesabu ya bei, kisha wakaziuza. Kompyuta ilikosea bei, hasara ikawa kubwa, na Novemba 2021 wakaifunga kazi hiyo. Nani alilipa? Robo ya wafanyakazi wao waliachishwa kazi. Hilo tunalielewa bila kufafanuliwa. Huko Uingereza kampuni ya Purplebricks ilianza kuuza nyumba mwaka 2014 kwa njia ya mtandao, kwa ada maalumu badala ya asilimia, ikasema itawamaliza mawakala wa mitaani. Mwaka 2023 iliuzwa kwa pauni 1. Mawakala wa mitaani bado wana maduka yao.

Ni kitu gani basi kilichowatikisa mawakala wa Marekani? Mahakama. Wauzaji wa nyumba wa jimbo la Missouri waliungana wakashtaki. Oktoba 2023, mjini Kansas City, wananchi walioteuliwa kusikiliza kesi waliamua kwamba chama cha kitaifa cha mawakala pamoja na makampuni makubwa walikula njama kuyaweka juu malipo yao, wakatozwa karibu dola bilioni 1.8. Machi 2024 chama hicho kikakubali kulipa dola milioni 418 na kubadili kanuni zake. Tangu Agosti 2024 mnunuzi hawezi kutembezwa nyumba na wakala wake kabla ya mapatano yaliyoandikwa ya malipo. Tovuti ilifanya kazi miaka 17 bila kuyafikia hayo. Watu walioungana waliyafikia kwa kesi moja, ingawa hatusemi kwamba malipo yenyewe yameporomoka.

Hebu turudi kwetu. Hapa simu imefika, tena imefika sana. Tangu mwaka 2009 tunatumiana fedha kwa simu, hata bibi kijijini anajua. Lakini aliyeikamata simu kwanza kwa shughuli ya nyumba ni dalali mwenyewe. Zamani alijua vyumba vya mtaa wake tu. Sasa wako katika makundi ya WhatsApp, mmoja akisikia chumba kitupu asubuhi, saa nne madalali kumi wanakitangaza, na kila mmoja anasema ni chake. Wakati mwingine hugawana ile kodi ya mwezi mmoja, na wakati mwingine huongeza juu ya bei ya mwenye nyumba ili wote washibe. Mikono yao imerefuka.

Tena liko jambo baya kuliko dalali. Mwenzetu wa zamu ya usiku, baba wa watoto wanne, aliona chumba kizuri katika simu: sakafu ya saruji, umeme, maji, bei nafuu. Hakutaka dalali. Aliyetangaza alisema yeye ndiye mwenye nyumba, yuko safarini, na watu ni wengi, atume kodi ya mwezi mmoja ashikiwe nafasi. Akatuma. Jumapili akaenda na mkewe kukitazama. Nyumba ya picha ile haikuwako katika mtaa ule, na namba haikupatikana tena. Tulikwenda naye polisi, wakaandika maelezo. Fedha hazikurudi. Alituambia neno ambalo tumelifikiri sana: "Afadhali dalali wa pale stendi ya bodaboda. Yule angalau najua mti anaokaa chini yake."

Hapo ndipo penye jibu la nusu ya swali la dada yetu. Dalali huuza habari, lakini pia huuza uso. Maskini akitoa fedha za kukopa hutaka kumwona anayezipokea. Mashine ya chai haihitaji kuaminiwa na jani la chai.

Katika viwanja ni zaidi. Wengi wetu tunapopata kiinua mgongo tunatamani kununua kipande cha ardhi tujenge. Tangu mwaka 2013 serikali imekuwa ikiziingiza hati za ardhi katika kompyuta, na ofisi ya Jinja ni mojawapo ya zilizoanza mapema. Ni jambo jema na tunalisifu, maana zamani jalada liliweza kupotea likapatikana baada ya chai ya karani. Lakini vukeni daraja mwende upande wa Njeru. Huko ziko ardhi za mailo, zilizoanzia katika Mapatano ya mwaka 1900. Mtu mmoja ana hati, na mwingine ana kibanja juu ya ardhi ile ile, amekaa, amezika wazazi wake, ana migomba yake. Kompyuta inaijua hati. Kibanja haikijui. Na upande huu wa Busoga, ardhi nyingi ni za ukoo, hazina hati hata kidogo. Anayejua mpaka unapita wapi ni majirani, wazee na mwenyekiti wa LC1. Mtu akikuambia kwamba amekwisha kuangalia kiwanja katika kompyuta na kila kitu ni sawa, mwulize ameangalia hati ya nani, na kama amekwenda kuwauliza wanaolima pale.

Nusu ya pili ya jibu ni chungu zaidi. Mashine huletwa na mwenye mali ili apunguze anacholipa. Mchuma chai analipwa na mwenye shamba, kwa hiyo mwenye shamba ana sababu ya kununua mashine. Wenzetu wa Kericho, Kenya, walipozichoma mashine za kuchuma chai Mei 2023, walikuwa wameielewa hesabu hiyo barabara. Lakini dalali halipwi na mwenye nyumba. Tunamlipa sisi. Mwenye nyumba anapata mpangaji bure, bila kutembea, bila kutangaza, tena aliyekwisha kupimwa kwamba ana fedha. Amnunulie mashine ya nini? Na vyumba vikiwa vichache, watu ishirini wakigombea kimoja, anayesimama mlangoni atalipwa tu, awe na simu au asiwe nayo.

Vilevile dalali hula tunapohama. Ukikaa chumba kimoja miaka sita amepata mara moja. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inasema kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji asitolewe bila amri ya mahakama. Wangapi kati yetu wanaijua? Tumewakuta wanachama waliohama kwa neno la mdomo tu, dalali akiwa tayari na mpangaji mwingine nje ya mlango.

Katika kamati yetu hatukukubaliana yote. Wazee walitaka tuwaambie wanachama wasitumie dalali kabisa. Hilo haliwezekani, mtu hatalala barabarani kwa azimio la kamati. Vijana walitaka tufungue kundi la WhatsApp la vyumba. Tuliwauliza wachuma chai wangapi wana simu ya aina hiyo na fedha za kuiwekea data, wakanyamaza kidogo. Mwishowe tumeanza na daftari. Mwanachama anayehama anaandika mtaa, kodi anayolipa na jina la mwenye nyumba, kwa ruhusa ya mwenye nyumba huyo. Anayetafuta anasoma bure. Kijana mmoja analiingiza katika simu yake kila Jumamosi, kwa hiyo vijana nao wamepata lao. Na kabla mwanachama hajalipa fedha yoyote, mjumbe mmoja wa tawi huenda naye kukiona chumba, risiti ikaandikwa, na nakala ya sheria ile ikawekwa mezani mbele ya mwenye nyumba. Mpaka sasa daftari lina vyumba 31. Wanachama 9 wamepanga bila kulipa udalali. Ni wachache. Laini moja tu ya shamba ina watu kuliko hao.

Liko jambo moja lililobaki. Juma lililopita dalali mmoja wa Bugembe alikuja ofisini. Tulidhani amekuja kugombana kwa sababu ya daftari. Kumbe wengine wetu tunamfahamu: alikuwa mwanachama, mtu wa mashine ya kusokota nyuzi, akapunguzwa kazi pamoja na wengine na hakupata kiinua mgongo chake chote. Alisema hana mshahara, anaishi kwa miguu yake, na kwamba miezi mingine anapangisha chumba kimoja tu. Aliomba tawi limpokee: yeye atatuletea habari za vyumba, wanachama wamlipe ada ndogo inayojulikana, kwa risiti, badala ya kodi ya mwezi mzima. Baadhi yetu walikataa hapo hapo, kwamba kupe haalikwi. Wengine walikumbuka kwamba alikuwa mstari wa mbele katika mgomo wetu. Hatukumjibu. Shauri lake litakuwa la kwanza katika mkutano wa tawi baada ya mishahara ya mwezi huu, na dada aliyeuliza swali ameombwa aje aketi mbele.