Kamera ya kitoto ni ipi?

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie. Mwezi uliopita ofisini kwetu lilitoka agizo: korespondenti wa mkoani asiye na kamera ya fremu kamili asitume tena picha, maana dawati la picha halitaki "kamera za kitoto". Wakubwa wakaafiki. Mimi nikanyamaza, kwa sababu mkataba wangu unaisha Desemba. Basi.

Kuna kaka mmoja anatuandikia kutoka mkoani. Analipwa kwa picha iliyochapwa, isipochapwa hapati kitu. Alikuwa na Canon 7D Mark II ya mitumba na lenzi moja ya maana, 70-200 ya f/2.8. Kwa vitu hivyo viwili alituletea picha za mpira ambazo tulizipiga ukurasa wa nyuma bila kuuliza zimetoka kamera gani. Aliposikia agizo akauza vyote, akakopa kwenye kikundi chao cha vikoba, akanunua 5D Mark III iliyotumika pamoja na lenzi ya 50. Jumamosi akaenda uwanjani. Picha zilizokuja ni majani, majani, na mchezaji mdogo kama punje ya mchele katikati. Dawati likazikataa. Sasa ana kamera ya kikubwa na deni la kikubwa.

Hebu tuelewane kwanza. Fremu kamili maana yake sensa (siyo ile ya kuhesabu watu) ina milimita 36 kwa 24, sawa na kipande cha filamu ya zamani ya milimita 35. Sensa ya 7D Mark II ni milimita 22.4 kwa 15. Ukifunga lenzi ileile kwenye kamera zote mbili, taswira inayoingia ni ileile, ila sensa ndogo inachukua sehemu ya katikati tu. Ndiyo maana 200 kwenye kropu inaona eneo ambalo kwenye fremu kamili ungehitaji 320 kuliona. Unazidisha kwa 1.6. Lenzi yenyewe haijarefuka hata kidogo, na muuzaji anayekuambia "inageuka kuwa 320" anataka tu uondoke nayo.

Najua mtajibu kwamba fremu kamili unaipiga kisha unakata. Sawa, tukate. 5D Mark III ina megapikseli 22.3. Ukikata ubaki na eneo ambalo kropu ingeliona, unabakiwa na 8.7 hivi. 7D Mark II katika eneo hilohilo ina megapikseli 20.2, na inapiga picha 10 kwa sekunde wakati mwenzake anapiga 6. Mpira ukiwa goli la mbali, mtoto ni nani hapo? Halafu tusisahau tunachapa wapi. Picha ya 7D Mark II ina pikseli 5472 kwa upana. Ukiichapa kwa pikseli 300 kwa inchi unapata sentimita 46. Ukurasa wetu haufiki sentimita 30, tena kwa karatasi ile inayoacha wino vidoleni!

Sisemi fremu kamili haina kazi. Sensa yake ina eneo zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ndogo, na usiku inaonekana wazi. Kwenye ukumbi wenye taa mbili za manjano, kropu inaanza kutoa chenga mapema. Na kwa upana pia kropu inaumiza: lenzi ya 17-40 juu yake inaona kama 27-64, ukiwa kwenye chumba cha mama aliyefurikiwa na maji unarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta na bado hujapata kitanda na dirisha pamoja.

Kwa hiyo mimi natembea na zote mbili. Fremu kamili ina 17-40 kwa ajili ya karibu, kropu ina 70-200 kwa ajili ya mbali, na sibadilishi lenzi kwenye vumbi. Betri ni za aina moja, kadi ni zilezile. Jua likizama, 70-200 inahamia kwenye fremu kamili. Siku shata ya fremu kamili iliponifia njiani kuelekea kwenye ajali, nilihamishia 17-40 kwenye kropu, nikafanya kazi, na habari ikatoka. Mwenye fremu kamili moja na hela imeishia hapo, siku kama ile anarudi nyumbani.

Kitu ambacho wakubwa wangetuonya kweli hawajakigusa: lenzi zilizotengenezwa kwa ajili ya kropu peke yake. Canon walianza kuuza EF-S mwaka 2003, na lenzi hizo hazifungi kabisa kwenye 5D. Nikon wana ustaarabu kidogo, DX inafunga kwenye fremu kamili, lakini kamera inajikata yenyewe, D800 ya megapikseli 36 inabaki na kama 15. Hata hizi za sasa zisizo na kioo, R6 yenye 20 ukiifunga EF-S kwa adapta inashuka mpaka kama 8. Mimi niliingia mtego huo. Nilinunua 17-55 ya EF-S kwa mbwembwe, nilipopata 5D nikaiuza kwa hasara. Anayeanza na kropu anunue lenzi za fremu kamili, akipata bodi kubwa baadaye hapotezi kitu. (Na ukibeba kamera mbili, linganisha saa zake. Zangu ziliwahi kupishana dakika saba, nikaandika waziri ameondoka kabla hajafika.)

Sasa niambieni, agizo lile lilihusu picha au lilihusu nembo kwenye mkanda wa shingoni? Maana tunajua jinsi watu wanavyokaguana shingo kwenye mikutano na waandishi. Msomaji aliyenunua gazeti stendi hajawahi kuuliza. Na kama ofisi inataka fremu kamili mikoani, basi inunue yenyewe, isimtume mtu anayelipwa kwa picha akakope.

Jumatatu kuna kikao. Nimechapisha picha mbili za mechi moja, nilizipiga kwa lenzi moja, kila kamera na yake, zote saizi ya ukurasa, nyuma sijaandika kitu. Nitaziweka mezani na kumwomba bosi anionyeshe ya kitoto.