Muuzaji wa kaktasi adimu akuonyeshe tarehe ya kupanda mbegu

ZAMANI dungusi ilikuwa ua la kuzuia mbuzi. Siku hizi jamaa zake ndogo ndogo, zile ambazo wengi wetu tunaziita kaktasi, zimepata nafasi juu ya meza za ofisi na kwenye sebule za mijini, na vijana wenye vitalu kando ya barabara wanajipatia riziki kwa kuziuza. Hilo ni jambo la kufurahisha. Kinachonitia wasiwasi ni haraka iliyoingia katika biashara hii, hasa wateja wanapoanza kuulizia aina adimu ambazo jirani hana.

Msimamo wangu ni kwamba kaktasi adimu inafaa kuuzwa na mtu aliyeiotesha kwa mbegu, au anayeweza kumtaja aliyeiotesha. Asiyeweza kufanya hivyo anakuuzia mali ambayo huenda iling'olewa porini.

Karibu jamii zote za kaktasi asili yake ni bara la Amerika. Mwaka 2015 wanasayansi waliotathmini aina 1,478 walitangaza kwamba asilimia 31 kati yake zimo katika hatari ya kutoweka, na miongoni mwa sababu walizozitaja ni watu kuzichimba porini ili kuziuza. Mwezi Februari 2020 polisi wa Italia walinasa zaidi ya kaktasi 1,000 zilizotoroshwa kutoka jangwa la Atacama, nchini Chile. Nyingi zilikuwa za jamii ya Copiapoa, ambayo hukua polepole mno na huweza kuishi zaidi ya miaka 100. Mwaka uliofuata mamia ya mimea hiyo ilirudishwa kwao kwa ndege. Mtu alikuwa ameng'oa kwa dakika moja kitu kilichoanza kukua kabla babu yake hajazaliwa.

Sasa tazama ile kaktasi ya duara yenye miiba ya rangi ya dhahabu, Echinocactus grusonii, ambayo Wajerumani waliibandika jina la kiti cha mama mkwe. Kwao Mexico imo hatarini, na sehemu kubwa ya makazi yake ilifunikwa na maji ya bwawa la Zimapán katika miaka ya 1990. Lakini imejaa katika bustani za dunia nzima, zikiwemo za hapa Kenya, kwa sababu wenye vitalu walijifunza kuiotesha kwa mbegu kwa wingi kiasi kwamba hakuna faida tena kuifuata porini.

Msomaji atasema Mexico ni mbali. Lakini shubiri zetu zilichimbwa porini hadi serikali ikatoa amri ya kupiga marufuku uvunaji huo mwaka 1986. Anayeng'oa shubiri au mtupa mlimani usiku ili aupeleke kwenye kitalu mjini hana tofauti na yule wa Atacama.

Kuotesha kwenyewe hakuhitaji shamba. Mbegu ya kaktasi ni ndogo, nyingine kama ugoro, na haifukiwi. Humwagwa juu ya udongo kwa sababu aina nyingi huhitaji mwanga ili zichipuke. Udongo nao usiwe ule mweusi wa kupandia sukuma. Tafuta yale mawe mepesi ya volkano yanayotumiwa na baadhi ya mashamba ya waridi, yaponde na uyachekeche, kisha uchanganye na mchanga wa mto uliooshwa pamoja na mboji kidogo. Upashe mchanganyiko huo moto kwa mvuke na uuache upoe, la sivyo utaotesha ukungu kabla ya kuotesha kaktasi. Mkebe ufunikwe kwa nailoni angavu ili kuhifadhi unyevu, na uwekwe penye mwanga usio wa jua kali, kwenye joto la nyuzi 20 hadi 30. Astrophytum huweza kuchipuka katika siku chache tu. Nyingine huchukua wiki tatu au zaidi. Kwa wakazi wa nyanda za juu, Juni hadi Agosti si wakati wake. Baridi ya usiku itaozesha mbegu bure.

Mche mchanga ni kijiduara cha kijani kinachofanana na punje ya dengu. Ukigeuka rangi ya kahawia au zambarau, jua limezidi. Ukirefuka kama mshumaa, mwanga hautoshi. Nailoni ifunguliwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, maana hewa ikikosa kupita, kinyausi huingia na miche hulala chini yote kwa usiku mmoja.

Hatua inayoharibiwa zaidi ni ile ya kuhamisha miche, na hapa ndipo ninapogombana na wenye haraka. Mche wa miezi miwili una mizizi kama nywele. Ukiung'oa na kuutia katika chungu chake wenyewe ili uonekane bidhaa kamili, utakaa wiki mbili rafuni, mteja ataununua, nao utamfia nyumbani. Mteja huyo atajilaumu kwamba hana mkono wa maua, kumbe aliuziwa maiti.

Miche ya kaktasi haioni tabu kubanana. Iache hadi igusane mabega, jambo ambalo kwa kawaida huchukua miezi sita hadi mwaka mzima, na kwa aina nzito kama Ariocarpus huchukua muda mrefu zaidi. Siku ya kuihamisha, loanisha udongo kidogo ili ulegee, kisha uinue kila mche kutoka chini kwa kijiti bapa. Usiuvute kwa kichwa. Uweke kivulini kwa siku moja au mbili ili vidonda vya mizizi vikauke, halafu uupande kwa kina kile kile ulichokuwa nacho, katika mchanganyiko ulio karibu kukauka. Sasa vumilia: usinyweshe kwa takriban wiki moja. Najua mkulima aliyezoea nyanya na kabeji huona huo ni ukatili, lakini mzizi uliokatika ukikutana na maji huoza. Chungu nacho kiwe kidogo, kwa kuwa kikubwa huhifadhi maji ambayo mche hauwezi kuyatumia.

Je, kuna pesa? Zipo, ila si za muhula huu wa shule. Tuseme umepanda mbegu 100, zikaota 60, na 40 zikafika mwaka wa pili. Hizo 40 zinatosha kwenye dirisha moja, na hazili wala kunywa cha kukufilisi. Lakini mwaka wa kwanza huna cha kuuza, kwa hivyo usichukue mkopo wa chama kwa kazi hii. Ifanye kando ya nyingine. Usiuze mimea yote pia. Astrophytum huweza kuanza kutoa maua baada ya miaka michache, na kwa kawaida mmea mmoja haujichavushi wenyewe, hivyo unahitaji angalau miwili isiyo ya asili moja na brashi ndogo ya kuhamisha chavua. Mbegu zake hupoteza nguvu upesi, kwa hivyo mwenye mbegu mbichi ana bidhaa ya pili.

Kuhusu sheria, watu hudanganyana sana. Aina kama Ariocarpus na Astrophytum asterias zimo katika orodha kali zaidi ya mkataba wa CITES, na hata mbegu zake huhitaji kibali zinapovuka mipaka. Aina nyingi nyingine ziko katika orodha ya pili, ambayo haizibani mbegu isipokuwa zile zinazotoka Mexico. Hata hivyo, mbegu yoyote kutoka nje huhitaji kibali cha KEPHIS, na anayekuahidi kukutumia ndani ya bahasha kama zawadi anakutia mashakani. Yaliyotokea Laikipia, ambako dungusi ya kigeni imevamia malisho ya mifugo, yanatosha kueleza kwa nini wakaguzi hawana mzaha.

Zile zenye kichwa chekundu kama upanga wa jogoo, zilizobebeshwa juu ya shina la kijani, sizihesabu hapa. Ni pambo la miaka michache, na anayezinunua ajue hivyo.

Ninachopendekeza ni kitu rahisi: kila chungu cha kaktasi adimu kiwe na kibao cha plastiki chenye jina la mmea, mbegu ilikotoka na mwezi ilipopandwa. Muuzaji asipokuwa nacho, geuza mmea uutazame. Uliooteshwa kwa mbegu huwa safi, umelingana pande zote na mizizi yake imejaa chungu. Uliochimbwa porini huwa na makovu, shina la chini limekakamaa kama gome, umeinama upande mmoja, na mzizi wake mkuu mara nyingi umekatwa kwa panga.