Kusikia Adhana Hakumtoi Mlutheri Kanisani

Huku Usambara, kuanzia Kwai hadi Mlalo, wengi wanaamini kwamba msanii akikusanya picha, sauti na vyombo vya ibada vya dini mbalimbali katika chumba kimoja, anachanganya dini na kupotosha watu. Adhana isikike karibu na pambio la Kilutheri, na pembeni mzee anatambika? Kufuru hiyo!

Si kufuru. Wanaosema hivyo wameisahau historia ya milima yao wenyewe.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Vuga mwaka 1848, alimkuta Kimweri ye Nyumbai, mfalme ambaye Washambaa waliamini mvua imo mikononi mwake. Baadhi ya wanawe walikuwa wamekwisha kusilimu. Kimweri hakumfukuza mgeni. Alimpokea na kumsikiliza. Imani tatu zilikutana katika ufalme mmoja, na hakuna iliyomezwa na nyingine wakati ule. Leo msiba ukitokea, Muislamu anashika jembe kuchimba kaburi la jirani yake Mkristo, na Mkristo anatulia shehe anaposoma dua. Nani amewahi kuwaita hao wapotofu?

Kibera, jijini Nairobi, mwaka 2016, Wakristo na Waislamu walipaka kanisa na msikiti rangi ya njano kwa mikono yao, katika mradi wa Nabila Alibhai na msanii Yazmany Arboleda. Rangi ilipokauka, msikiti ulikuwa msikiti na kanisa lilikuwa kanisa. Naye msanii wetu Mtanzania, Rehema Chachage, anatumia video na sauti kuhifadhi masimulizi na mila za wanawake wa ukoo wake. Amepotosha nani?

Ipo hoja moja nzito: kitu kitakatifu kikitundikwa ukutani huweza kugeuzwa pambo. Ni kweli. Kwa hiyo msanii aombe ridhaa, na akikataliwa, akubali. Hilo linadai adabu, halidai marufuku.

Na sanaa ya namna hii tunaihitaji. Sensa yetu haijauliza dini tangu mwaka 1967, na ni hekima. Lakini ukimya wa fomu usiwe ukimya wa majirani. Vijana wengi wanajua jina la dini ya jirani, hawajui anaomba nini akiwa peke yake usiku.

Viongozi wa makanisa na misikiti ya Lushoto, toeni ukumbi mmoja. Waiteni vijana wenye kamera wawarekodi wazee wakieleza wenyewe wanavyomwomba Mungu, wakati wazee hao bado wapo.